Asali ya Sikonge na Ulimi wa Mtoto Mchanga

Siku ile baba yangu aliposhuka kwenye treni ya Tabora na dumu la asali begani, mwanangu, haijanitoka akilini mpaka leo. Mume wangu Rajabu alitaka kumpokea mzigo, mzee akakataa. Alisema asali aliyoivuna kwa mkono wake ataiingiza nyumbani kwa mjukuu wake kwa mkono wake. Basi tukatoka stesheni hivyo hivyo, mzee mbele na dumu lake, sie nyuma, mpaka Buguruni.

Mie ni mtoto wa Sikonge. Kwetu nyuki ni kama ng'ombe kwa wengine. Baba alikuwa na mizinga ya magogo aliyoitundika juu ya miti huko porini, na tangu nipate akili nyumbani kwetu hapakukosa asali. Nilipoolewa na kuletwa Dar es Salaam nilikuwa binti mdogo, naogopa hata kuvuka barabara. Aliyenishika mkono ni mama mkwe wangu, Bi Tatu, Mzaramo wa hapa hapa, mkaanga vitumbua. Alinifundisha kupika mchuzi wa nazi, akanifundisha kujifunga kanga kama watu wa pwani, akanifundisha na wauzaji wa sokoni ambao mtu usiwageuzie kisogo. Sikuwa na mama tena wakati ule. Yeye ndiye akawa mama. Nalitanguliza hilo ili utakaposikia yaliyotokea usimwone mtu mbaya.

Baba alikuja kumwona mjukuu wake wa kwanza, Shabani. Mtoto alikuwa hajatimiza miezi mitatu, mnene, mashavu yamejaa, analia mpaka jirani wa tatu anauliza kuna nini. Bi Tatu alipofungua lile dumu na harufu ikatoka, alifumba macho. "Mkwe," alimwambia baba, "hii ndiyo asali. Hii tunayouziwa hapa mjini ni sukari iliyovishwa baibui." Baba akacheka mpaka machozi. Tukanywa chai siku hiyo tukajisikia watu wenye neema. Kisha baba akaenda kufikia Mabibo kwa mpwa wake, maana kwetu mzee hafikii kwa mkwe.

Sasa sikiliza.

Asubuhi nilikuwa naenda sokoni kununua samaki na nazi, mtoto namwacha kwa bibi yake. Nikirudi namkuta katulia, hana kilio, mdomo anauramba ramba. Nilifurahi. Nilisema moyoni, huyu bibi ana mkono wa baraka. Kliniki walikuwa wameniambia mtoto anyonye tu, asipewe kitu kingine, na mie nilishika hivyo. Lakini sikumwambia Bi Tatu. Nitamwambiaje mtu aliyelea watoto saba namna ya kulea mmoja? Niliona haya. Na yeye hakuniambia alichokuwa akifanya, maana kwake halikuwa jambo la kuambiana. Kila mtoto wa ukoo wao alilambishwa asali ili awe na kauli tamu, ulimi wake usije ukawachoma watu. Ilikuwa dua kwao. Alikuwa akichovya kidole na kumlambisha mjukuu wake kila ninapotoka, kwa mapenzi matupu.

Ikaanza na choo. Mtoto akawa hapati choo. Jirani mmoja akasema ni mchango wa tumbo, mwingine akasema jicho la watu, kwa jinsi alivyokuwa mnene. Bi Tatu akamkanda tumbo kwa mafuta ya nazi. Kisha nikaona hanyonyi vizuri. Anashika titi, anaachia, anashika, anaachia, na mie kifua kimejaa mpaka kinauma. Halafu ile sauti yake ikapungua. Mwanangu, mtoto aliyekuwa akilia mtaa mzima unasikia, akawa analia kama paka mdogo aliyefungiwa kabatini. Asubuhi moja nikamnyanyua, shingo ikalegea kama ya aliyezaliwa jana, na kope za macho zimeshuka nusu. Hana homa. Hakuharisha. Anakutazama tu kwa yale macho ya usingizi.

Nilimfunga kwa kanga, nikamwita Rajabu, tukaenda hospitali, Bi Tatu nyuma yetu hata viatu kavaa vya jozi mbalimbali.

Daktari aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mpole lakini hana maneno mengi. Alimshika mtoto, akamwinua mikono, akamtazama macho kwa tochi, akamsikiliza kifua. Kisha akauliza, "Anakula nini?"

"Ananyonya tu," nikajibu.

"Hajapewa kitu kingine? Maji? Dawa ya kienyeji? Uji?"

"Hapana, daktari. Ananyonya tu."

Akaandika, akamgeukia nesi, wakaanza kusemezana mambo ya vipimo. Mie nilikuwa nimesema kweli yangu. Na lau mambo yangeishia hapo, sijui leo ningekuwa nakuhadithia nini.

Bi Tatu alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mlango. Nilimwona akishika pindo la kanga yake, analisokota, anaachia. Akasimama. "Daktari," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kuuzia vitumbua, "mie nimempa asali."

Daktari akamgeukia.

"Asali, bibi? Lini?"

"Asubuhi. Kila asubuhi huyu mkwe wangu akienda sokoni. Namlambisha kidoleni. Mama yake hajui."

Daktari hakumkemea. Aliweka kalamu chini, akavuta kiti, akakaa mbele yake. Akamwambia hivi, nami nayakumbuka maneno yake karibu yote: kwamba asali, hata iwe safi namna gani, inaweza kubeba vijidudu vilivyolala. Mtu mzima akila, tumbo lake linavishinda, haoni kitu. Lakini tumbo la mtoto ambaye hajafikisha mwaka bado ni changa. Humo vijidudu vinaweza kuamka na kutoa sumu, na sumu hiyo inalegeza viungo, kuanzia choo, kope, mdomo wa kunyonyea, shingo, na kama haikuwahiwa, hata kifua cha kuvutia pumzi. "Siwezi kukuapia kwamba ndiyo," akasema, "kuna maradhi mengine yanafanana na hili. Ila umenionyesha pa kuanzia. Umefanya vizuri kusema."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nimelisikia neno hilo tangu utotoni, lakini sikuwahi kuliona limesimama wima mbele yangu mpaka siku ile, limevaa viatu vya jozi mbili.

Shabani akalazwa. Akawekewa mpira mwembamba puani wa kupitishia maziwa, mie nayakamua na manesi wanampa taratibu, na kukawa na mashine ya hewa karibu na kitanda kwa lolote litakalotokea. Daktari alisema dawa yake kubwa ni kumwangalia kwa karibu na kusubiri mwili wake urudishe nguvu. Tukasubiri.

Na mie, mwanangu, sikumsemesha Bi Tatu. Alikuja kila siku na chupa ya uji na chakula cha moto, ananiwekea, nakula bila kumtazama usoni. Akiniuliza mtoto kaamkaje, namjibu kwa kichwa. Nilijaa hasira. Nilimwambia Rajabu kwamba mtoto akipona nampeleka Sikonge, na asije akatarajia kutuona tena mlangoni kwa mama yake. Rajabu masikini alibaki katikati kama mti wa mpaka, kila upande unamkwaruza.

Baba alikuwa akija kutoka Mabibo. Siku moja alimkuta Bi Tatu anatoka wodini, macho mekundu, akaniona mie nilivyogeuka ukutani. Aliniita nje, tukakaa kwenye ngazi za barazani, palipoanikwa mashuka ya hospitali.

"Nimesikia unataka kurudi nyumbani," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Kwa kosa gani?"

Nikashangaa. "Baba! Yule mama kamlisha mtoto wangu asali, na..."

"Asali ya nani?"

Nikageukia yale mashuka.

"Nakuuliza, Zena. Asali ile ni ya nani?"

"Ni yako, baba."

"Mie navuna asali tangu ndevu hazijaota. Nimeiuza, nimeila, nimewatibu watu vidonda nayo, baba yangu vilevile. Jambo hili alilosema daktari sikulijua. Kwetu wangapi tumewalambisha, tukawaona wamekua tukasema haina neno, na wale wasiokua tukasema Mungu kawataka? Sijui. Silali kwa kuliwaza hilo. Sasa kama unatafuta wa kumlaumu, anza na mie niliyeifahamu zaidi na nikaibeba begani mpaka huku. Ukimaliza na mie, ndipo uende kwa yule mama."

Nilianza kulia. Hakunibembeleza. Baba yangu hakuwa mtu wa kubembeleza haraka. Alimwacha mtu alie kwanza, uchungu umpungue.

"Jambo la pili," akasema. "Mle chumbani mlikuwa watu watatu wazima. Daktari aliuliza, wewe ukajibu usilolijua. Yule mama angeweza kunyamaza. Nani angemjua? Mtoto hana mdomo. Angebaki mama mkwe mzuri mbele yako, na mjukuu anakwisha. Alichagua umchukie, mjukuu apone. Nionyeshe wengine wawili wenye moyo huo hapa mjini, nami nitakukatia tiketi ya kurudi Tabora leo."

Kisha akanyanyuka, akajipangusa kanzu, akaenda zake.

Sikugeuka moyo siku hiyo hiyo, nisikudanganye. Hasira ni kama moto wa makaa, ukiumwagia maji bado jivu linaunguza. Lakini kesho yake Bi Tatu alipoleta uji, nilisema, "Ahsante, mama. Keti." Akaketi. Tukawa tunamtazama mtoto. Yeye ndiye aliyeona wa kwanza. "Zena, tazama macho," akasema. Kope moja ilikuwa imepanda. Kidogo tu. Ungekuwa hukumzoea mtoto usingeona.

Tangu hapo alikuwa anarudi kwetu kidogo kidogo. Macho, kisha mdomo, kisha shingo. Siku aliyolia sauti yake mwenyewe, manesi wa wodi ya pili walikuja kutazama. Bi Tatu alikaa chini sakafuni akalia naye.

Tuliporudi nyumbani, lile dumu Bi Tatu alikuwa amelisukuma uvunguni mwa kitanda na kulifunika gunia. Aliapa kwamba asali haitapita tena kinywani mwake wala jikoni mwake. Baba alikuwa amesharudi Sikonge. Mie nikaliacha lilivyo. Niliona si wakati wake.

Zikaja mvua za masika. Mkaanga vitumbua haachi kazi kwa mvua. Bi Tatu alikuwa akikaa kibarazani na moshi wa kuni zilizoloana, na kikohozi kikamshika. Tukaenda zahanati, wakampima kifua, wakasema hakuna maradhi makubwa, ni koo limekereketwa, ajiepushe na moshi. Lakini kikohozi chenyewe kikavu, kinamnyima usingizi, anakohoa mpaka anashika mbavu.

Niliinama uvunguni, nikalivuta lile dumu. Nikachemsha maji na tangawizi iliyopondwa, nikaepua, nikayaacha yapoe mpaka kidole kinavumilia. Nikakamua limau, ndipo nikatia vijiko viwili vya asali. Hivi ndivyo alivyonifundisha marehemu mama yangu: usiitie asali kwenye maji yanayotokota, itapoteza harufu na ladha yake, utabaki na utamu tu. Nikampelekea.

Alinusa kikombe, akanitazama. "Unanipa mie asali?"

"Ndiyo, mama. Wewe si kichanga."

Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka kicheko tena. Akanywa. Akanywa na kikombe cha jioni. Usiku ule akalala. Sikuambii asali ilimponya kifua. Ilimlainisha koo, akapata usingizi, na mwili ukipata usingizi hujitibu wenyewe.

Ndivyo asali ilivyorudi jikoni kwetu, na ikarudi na sie wawili tukiongea. Nilimwonyesha kutia asali kwenye uji wa ulezi baada ya kuepua. Yeye akabuni la kwake: samaki wa kuchoma anampaka ndimu, chumvi, kitunguu saumu na pilipili, na akikaribia kuiva ndipo anampitishia asali kidogo kwa unyoya wa kuku. Akipakwa mapema anaungua nje na ndani mbichi. Tulikula viazi vitamu vya kuchemsha na asali, maandazi ya asali badala ya sukari, ambayo yanataka moto mdogo kwa sababu hukimbilia kuwa meusi. Alipojiunguza mkono kwa mafuta, kaunguo kadogo, aliumwagia maji ya bomba kwa muda mrefu, kisha akapaka asali akafunga kitambaa safi. Jirani aliyemwagikiwa na sufuria nzima alipokuja kuomba asali hiyo hiyo, Bi Tatu alimfukuza: "Hilo la kwako ni la hospitali, twende." Akampeleka mwenyewe.

Na Shabani alipovuka mwaka, nesi wa kliniki akaniambia sasa anaweza kula asali kidogo. Nilirudi nikamwambia Bi Tatu. Akasema, "Mpe wewe." Nikamwekea kijiko mkononi. Akachota kidogo, akampelekea mdomoni. Mtoto akaramba, akakunja uso, akatema, akataka vitumbua. Hata leo, ni baba mwenye watoto wake huko Mbweni, asali haipendi. Kauli zake ni tamu hivyo hivyo, mwulize mkewe.

Basi, mwanangu, nimezunguka, sasa nije kwenye neno lenyewe.

Asali ni neema, na neema ina masharti. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka usimpe asali, si kidoleni, si kwenye nyonyo ya mpira ya kumtuliza, si ndani ya uji hata kama imepikwa, maana moto wa jikoni kwetu hauviui vile vijidudu. Wakikuambia "sie wote tulilambishwa na tumekua," wajibu kwa adabu kwamba waliokua ndio walio hapa kusema. Ukiona mtoto hapati choo, kilio kimepungua, hanyonyi, amelegea, usianze kuzunguka kwa majirani. Nenda hospitali, na useme kila kitu kilichopita kinywani mwake. Kila kitu. Aibu haijamwua mtu, kunyamaza kumeua wengi.

Na wewe mkubwa, ukiwa na kisukari, usidanganywe kwamba asali haihesabiki. Ni sukari ile, imetoka kwa nyuki badala ya kiwandani. Zungumza na daktari wako kwanza. Ukiwa mzima, kijiko kwa siku kwenye chai au uji kinatosha. Mwonja asali haonji mara moja, twajua, lakini meno nayo ni yako. Ikiganda usiitupe na usimtukane muuzaji, asali halisi huganda. Weka chupa yake kwenye maji ya uvuguvugu itarudi. Chota kwa kijiko kikavu, maana maji yakiingia itachacha. Na yale majaribio ya kupima asali halisi, ya kuwasha kiberiti na kuidondoshea kwenye maji, wajanja wa mjini wameshayajua. Nunua kwa mtu unayemjua alikoitoa.

Kuna moja limebaki, nalo ndilo lililonifanya nikukalishe. Kama umefundishwa jambo kliniki, rudi nalo nyumbani uliseme, hata kama aliye mbele yako kalea watoto saba. Kaa naye, mpe chai, mwambie, "Mama, leo nimeambiwa hivi, nawe waonaje?" Haya yangu ilikuwa heshima iliyokosa maneno, na mtoto ndiye aliyekaribia kuilipia. Na siku mtu akikukosea kwa kupenda, kisha akasimama mwenyewe akasema "ni mie", usimfungie mlango. Watu wa namna hiyo ni wachache.

Bi Tatu ametangulia, na baba yangu pia. Mungu awalaze pema. Wewe uliyebaki, Mwenyezi Mungu akujalie wazazi wa kuuliza na wakwe wa kusema nao, akulindie vichanga vyako mpaka wawe na meno ya kutafunia, na chakula cha jiko lako kiwe shibe, kiwe na afya. Amina.